Kamera ya Robo Kilo

Siku tuliyomzika baba, picha iliyotangulia jeneza ilikuwa ya kitambulisho. Hatukuwa na nyingine. Mpiga picha mmoja wa mjini alikuwa ameikuza ile picha ndogo ya kadi hadi ikawa kubwa kama sinia, na pamoja na uso wa baba akakuza pia kipande cha mhuri wa serikali kilichoangukia begani. Uso wenyewe ulikuwa wa mtu aliyeamriwa akae wima, asicheke, na asiwacheleweshe walio nyuma yake kwenye foleni. Baba yangu, ambaye hakuweza kununua chumvi bila kumtania mwenye duka, alizikwa akiwa amenuna.

Wageni walipoondoka, mama aliisimamisha picha ile juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Kisha akatugeukia mimi na mdogo wangu.

"Mimi msinifanyie hivi," akasema. "Mkinifanyia hivi, nitafufuka niwachape."

Mdogo wangu alicheka. Mimi niliyachukua maneno hayo kama agizo, kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye niliyejulikana kwa mambo ya kamera.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kabla simu hazijaota macho. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya upili ya wasichana hapa Machakos, na Jumamosi nilikuwa napanda vilima vya Iveti kupiga picha za ukungu, za matuta ya mashamba, za mbuzi waliosimama mahali ambapo mbuzi hana sababu ya kusimama. Hakuna aliyenilipa na sikutaka kulipwa. Kupiga picha ilikuwa starehe yangu, kama wenzangu walivyokuwa na kwaya au kufuma vitambaa.

Mama nilikuwa nimempiga picha nyingi, na katika zote amefunga mdomo. Alichongwa meno akiwa msichana, kama wasichana wengi wa Ukambani wa rika lake: meno ya juu ya mbele yalitiwa ncha, na huo ndio uliokuwa urembo wa siku zile. Baadaye akabatizwa, na mtu fulani kanisani, ambaye mama hakuwahi kututajia jina lake, akamwambia kwamba meno yale ni alama ya gizani. Tangu hapo mama alicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya leso. Mbele ya kamera alibana midomo hata ikapotea.

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo hakuziba kitu, napo ni kwenye mwethya. Mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi pamoja, leo matuta ya shamba la huyu, kesho ya yule, na wengi wao ni wanawake. Mama alikuwa mwenyekiti wa kundi letu tangu nikiwa shule ya msingi. Pale alikuwa kati ya marika zake, nusu yao wana meno kama yake, na mtu akirusha mzaha mama alitupa kichwa nyuma akacheka meno yote nje. Nilikuwa nimekiona kicheko hicho maisha yangu yote. Ndicho nilichotaka kukipiga picha.

Na muda ulikuwa unakwisha. Mwaka huo mwethya ulikuwa unajenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wetu wa msimu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma ya ukuta na maji yajifiche ndani yake. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumkataa. Aliwaambia wenzake waziwazi, "Ukuta ukifika juu, mimi nashuka." Alimaanisha kwamba ukuta ukiisha atamkabidhi mwingine uongozi na hatarudi tena kwenye kazi. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa, na ukuta ulikuwa umebakiza siku chache.

Kamera yangu mwenyewe ilikuwa imeniharibikia mwaka huohuo. Mota yake ya kuzungusha filamu ilikufa na hakuna aliyeweza kuifufua. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa nyuma ya soko, karibu na msikiti. Alikuwa mzee ambaye babu yake alikuja kutoka Pwani kuuza nguo na hakurudi, na Kiswahili chake kilinifanya nijute alama nilizojipongeza nazo shuleni. Alitengeneza saa na redio, na ndani ya kabati la kioo aliuza kamera zilizokwisha kutumika.

"Mama mzazi huyo?" akauliza nilipomweleza shida yangu. "Basi binti yangu, usimpunguzie heshima. Chukua hii."

Akanipa kamera kubwa nyeusi yenye lenzi ndefu ya kuvuta, ile ambayo unasimama mbali na kuleta kitu karibu. Aliniazima bila rehani. Dhamana, alisema, ni ualimu wangu.

Nilishuka mtoni Jumatatu nikiwa nimeivaa shingoni. Mtu wa kwanza kuniona alikuwa jirani yetu, rika la mama, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa na kazi mbili, kuongoza nyimbo na kuchokoza watu.

"Ngai!" akapaza sauti. "Mwalimu amekuja na bunduki! Jamani, tumekosa nini?"

Wakacheka, na hapo nilidhani mambo yatakuwa rahisi. Lakini mara tu nilipoinua ile kamera jichoni, kazi ilisimama. Yeyote aliyekulia huku angeniambia mapema, na mimi niliyekulia huku sikufikiria. Picha kwetu si jambo la kukutwa nalo. Picha huandaliwa. Wanawake thelathini waliweka chini karai na sururu, wakashuka kwenye dimbwi wakanawa miguu, wakafunga vitambaa upya, wakaficha majembe nyuma ya kichaka, wakajipanga mstari mmoja kwa urefu, mikono ubavuni, macho mbele. Mama alisimama katikati. Midomo yake haikuonekana.

Nilipiga picha moja kwa aibu. Tulipoteza saa nzima, na zege lililokuwa limechanganywa lilianza kukauka kwenye bati.

Mama alinijia akiwa na koleo mkononi.

"Mwalimu," akasema, na akiniita hivyo nilijua nina kesi. "Kamera yako imekula kazi ya watu thelathini."

"Nimekosa, mama."

"Unaijua sheria. Kwenye mwethya hakuna mtu wa kusimama mikono mitupu. Ukija, unabeba. Usipobeba, unalipa faini."

"Hata mimi mwanao?"

"Wewe hasa!" akadakia jirani. "Sukari kilo mbili na mkate. Na usilete mikate ile yenye hewa."

Nililipa faini Alhamisi, na siku hiyo nilibeba mawe. Mawe yalikuwa yanapitishwa mkono kwa mkono kutoka chini hadi ukutani, kwenye mstari wa wanawake. Nilijaribu kubeba huku kamera kubwa ikining'inia. Jiwe la kwanza liligonga lenzi, la pili likanigonga mbavu kupitia kamera. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeitundika juu ya mti, na mchana kutwa mama alicheka mara tatu, meno yote nje, huku kamera yangu ikipiga picha za majani.

Hapo ndipo nilipoelewa swali langu. Nilikuwa nikijiuliza kamera ipi ni bora, kama watu wote wanaosimama mbele ya kabati la kioo. Swali la kweli lilikuwa: ni kamera ipi inayoweza kufanya kazi mahali ambapo mikono yangu ina kazi nyingine? Kama wewe pia unapenda picha na umesimama mbele ya kabati kama lile ukichanganyikiwa, nakusihi anza hapo. Usianze na kamera. Anza na siku yako, na mikono yako itakuwa wapi.

Nilirudi kwa fundi nikamweleza. Aliguna.

"Kuna njia ya kati," akasema. Akaifungua ile kamera kubwa, akaitoa lenzi ndefu, akaweka nyingine fupi, nyepesi, pana kidogo tu kuliko kifuniko cha chupa ya chai. "Hii haivuti. Inaona kama jicho lionavyo. Lakini kioo chake kinakunywa mwanga zaidi kuliko ile ndefu, na shingo yako itapumua."

"Na zile ndogo?" nikauliza, nikionyesha pembeni mwa kabati.

"Zile?" Alicheka taratibu. "Hiyo ni kamera au sabuni? Zile ni za watalii na watoto wa shule, mwalimu."

Hata hivyo alinipa vyote niende navyo: kamera kubwa, lenzi zake mbili, na ile sabuni.

Maabara ya shule ilikuwa tupu kwa likizo. Niliitoa mizani, nikapima. Kamera kubwa na lenzi ndefu ilipita kilo moja na robo. Kwa lenzi fupi ilishuka hadi kama gramu mia nane, na nilifurahi, maana nusu kilo nzima ilikuwa imeondoka kwa kubadilisha kioo tu. Wengi hawajui hilo. Hudhani uzito uko kwenye kamera, kumbe mara nyingi uko kwenye lenzi, na lenzi nyepesi isiyovuta huweza kukupa picha safi kuliko ndefu ya kujivunia. Halafu nikaweka ile ndogo. Robo kilo, pungufu kidogo. Pakiti ya majani ya chai.

Lakini uzito si yote. Nilibonyeza kila moja nikisikiliza. Kamera kubwa, hata ikiwa na lenzi fupi, ndani yake kuna kioo kinachoruka kila unapobonyeza, na kinatoa mlio kama wa mtu anayefunga kasha. Ndogo ilitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayealisha fundo la kidole. Haikuwa na mota. Filamu ilizungushwa kwa gurudumu dogo chini ya dole gumba, pole pole, bila kelele. Haikuwa hata na flashi ya kujiwakia. Vitu hivyo ndivyo vilivyomfanya fundi aidharau, na ndivyo nilivyovihitaji.

Ilikuwa na kasoro zake, na sitazificha. Haikuvuta kitu karibu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogeza miguu. Tena kidirisha cha kutazamia hakikupitia kwenye lenzi, kilikuwa juu yake kando. Ukiwa mbali haidhuru, lakini ukimkaribia mtu, jicho lako linaona kichwa na lenzi inaona kifua. Umbali nao ulipangwa kwa kukisia: unazungusha pete hadi kwenye mita moja, mbili, tano, na kama umekosea, utaletewa ukungu.

Hapo ualimu wa fizikia ulinisaidia. Tundu la lenzi likiwa dogo, vitu vingi zaidi, vya karibu na vya mbali, hutoka vikali kwa pamoja. Kwa hiyo nilitia filamu yenye hisia kali kwa mwanga, nikabana tundu kama jua la Agosti lilivyoruhusu, nikaweka pete kwenye mita mbili. Kwa hesabu yangu, chochote kuanzia kama mita moja na nusu hadi karibu mita nne kingekuwa safi. Sikuhitaji tena kulenga. Nilihitaji tu kujua mita mbili ni wapi, nazo nilizijifunza kwa mwili: urefu wa jembe na mkono wangu ulionyooshwa.

Filamu ya kwanza ya mazoezi ilitoa mabega na mbingu. Ya pili ilitoa kuku, wasio na vichwa ijapokuwa walikuwa hai. Katika ya tatu nilianza kupata nyuso, nikiwa nimeshika kamera kifuani bila kutazama. Usikate tamaa kwa filamu mbili za mwanzo. Mikono nayo ina darasa lake.

Palibaki kuibeba. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi Athi River, kwenye kiwanda kimoja cha nguo katika eneo la viwanda la EPZ, na Jumapili alikuja nyumbani. Nilimwonyesha kamera na aproni yangu ya jikoni.

"Sasa dada, unataka mfuko?" akasema. "Mimi nashona mifuko ya suruali kutoka asubuhi mpaka jioni, za watu hata siwajui. Leo wacha nishone ya mtu namjua."

Alishona mfuko mmoja mbele, wenye kina cha kiganja na mdomo uliolegea ili mkono uingie bila kung'ang'ana, akatia bitana ya flana ili mawe yakigonga yasiumize kitu. Alipomaliza aliuingiza mkono wake akautoa, akauingiza akautoa, kama mkaguzi wa kiwanda.

"Mama akijua?" akauliza.

"Nitamwonyesha yeye kwanza," nikasema. "Akikataa, nachoma."

"Picha?"

"Picha na negativu yake."

Akanitazama. "Uko na roho ngumu."

Sikuwa na roho ngumu. Nilijua tu kwamba ninaenda kuchukua kitu ambacho mama alikuwa amekificha miaka arobaini, na kwamba haki ya kukiachilia si yangu.

Siku ya mwisho ya ukuta ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Nilishuka mtoni na aproni, nikaingia kwenye mstari. Mama alikuwa juu ya ukuta, mwishoni kabisa, akipokea mawe na kuyapanga, mwiko mkononi, zege hadi kwenye viwiko. Jirani alikuwa wa pili, akimpa mawe. Nilimwomba aliyefuata tubadilishane, nikawa wa tatu. Kati yangu na mama palikuwa na jirani peke yake. Nilikisia: jembe na mkono. Mita mbili.

Mawe yalianza kupita. Nilipata nafasi mara kadhaa, kati ya jiwe na jiwe, mkono ukashuka mfukoni, ukaitoa kamera hadi kifuani, ukafungua kifuniko, ukabonyeza, ukairudisha. Hakuna aliyetazama. Hata mimi sikutazama. Lakini kila mara jirani, ambaye hakuwa mwembamba, alijaza nafasi yote, na nilijua nina picha nyingi za mgongo wake. Saa zikaenda. Ukuta ulibakiza mstari mmoja wa mawe, halafu nusu ya mstari. Kidole changu kilihesabu mizunguko ya gurudumu: kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nane. Filamu ilikuwa ya ishirini na nne, na kubadilisha filamu pale kungenirudishia bunduki.

Kisha jirani alipokea jiwe kutoka kwangu, akanikagua juu mpaka chini.

"Mwenyekiti," akamwambia mama, "mwanao leo amekuja bila bunduki. Ile ya faini imeenda wapi?"

"Mwulize mwenyewe," mama akajibu, bila kuinua macho.

"Mwalimu, bunduki iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani," nikasema. "Ilishindwa na mkate."

"Ilishindwa na mkate!" Jirani alirudia kwa sauti ya kuimba, ili mstari wote usikie. "Na tulikula hata maganda! Mwenyekiti, wewe ndiye ulikula nusu, halafu ukatuambia ni panya!"

Kicheko kilimpiga jirani mwenyewe kwanza. Aliliweka jiwe kwenye ukuta, akashika tumbo, akainama mpaka kitambaa chake kikagusa magoti.

Na alipoinama, mama akabaki wazi.

Nilikuwa na jiwe mikononi. Sheria ni kwamba jiwe haliwekwi chini, linapita. Nililihamishia kiunoni, nikalikumbatia kwa mkono wa kushoto kama mtoto mchanga, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe. Mama alikuwa ametupa kichwa nyuma, mwiko juu, zege shavuni, macho yamefungwa kwa raha, na meno yake, yale meno, yote yalikuwa juani. Nilibonyeza. Fundo la kidole. Nilizungusha gurudumu nibonyeze tena, lakini jirani alikuwa ameinuka anafuta machozi, na mama alikuwa anadai jiwe lake.

"Wewe mwalimu, huyo ni mtoto au ni jiwe? Lete hapa!"

Nililipitisha. Lilikuwa kati ya mawe kumi ya mwisho.

Siku mbili baadaye nilikuwa mjini, kwenye duka la kuosha picha. Mhudumu alizitandaza kwenye kaunta kwa huruma ya daktari.

"Madam, nyingi zimeharibika. Hii ni mgongo. Hii mgongo. Hii sijui, ni kama mguu. Nitupe?"

"Usitupe hata moja," nikasema, nikizipekua. Mgongo, mgongo, mbingu, karai, kiwiko, mgongo.

Ya kumi na tisa.

Sikupiga kelele, kwa kuwa wanafunzi wangu wengi walikuwa wa mji ule. Lakini nilishika kaunta kwa mikono miwili. Ilikuwa safi hadi kwenye chembe za mchanga shavuni. Kichwa hakikukatwa. Kando ya fremu palionekana bega la jirani aliyeinama, na nyuma, ukuta na mlima. Mhudumu aliinama akaiangalia, na bila kuambiwa chochote, akatabasamu.

"Huyu shosho anacheka nini?" akauliza.

Wala hakumjua. Ndipo nilipojua kwamba nimeipata.

Nilimpelekea mama jioni ileile, jua bado liko juu ya vilima vya Mua. Alikuwa ameketi nje akichambua mahindi yaliyokobolewa ya kupika muthokoi, miguu ameinyoosha kwa ajili ya magoti. Niliweka picha mapajani pake, na juu yake nikaweka kile kipande cha negativu.

"Nilikuibia, mama," nikasema. "Siku ile ya ukuta. Ukiikataa, negativu ndiyo hiyo, na jiko linawaka. Sina nyingine."

Aliinua picha akaisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu. Mkono wake wa kushoto, wenyewe, bila kuamriwa, ulipanda na ncha ya leso hadi mdomoni. Ukakaa hapo muda mrefu. Nilisikia mahindi yakianguka moja moja kwenye ungo.

Halafu mkono ukashuka.

"Meno yangu yalikuwa mazuri," akasema.

"Bado, mama."

"Mimi nilidhani yameisha." Akaigeuza picha akatazama nyuma yake, kana kwamba huenda kuna mhuri. Hapakuwa na mhuri. "Yule aliyeniambia yafiche, unajua alikufa zamani? Na mimi nikaendelea kumtii."

Akacheka. Pale pale, mbele yangu, hakuna mwethya, hakuna jirani. Sikuwa na kamera, na kwa mara ya kwanza sikuihitaji.

"Hii," akasema akiigonga kwa kucha, "mwikuze kama ile ya baba yenu. Mwitundike karibu naye, ili aone mwenzake anavyokaa kwenye picha."

Jumatatu alikabidhi uongozi. Alisimama mbele ya wanawake thelathini, akawashukuru kwa ukuta, akamkabidhi jirani koleo, kisha akaitoa picha kwenye kiondo akaiinua juu kama mwamuzi wa mpira anayeonyesha kadi. Ilipita mikono yote, kama jiwe. Kelele iliyozuka iliwatoa ndege kwenye miti.

"Na mimi?" wakaanza. "Mwalimu, na mimi? Yangu iko wapi?"

"Yako ni mgongo," nikamwambia jirani.

"Mgongo! Mwaka mzima nimebeba mawe, unipe mgongo!"

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Kwenye begi nilikuwa na kamera kubwa yenye lenzi ile fupi nyepesi, kwa maana kila chombo kina siku yake, na watu wanaotaka kupigwa picha hawahitaji kuviziwa. Niliitoa. Na wanawake wakafanya walivyofanya siku zote: wakanawa miguu, wakafunga vitambaa, wakaficha majembe, wakajipanga kwa urefu, mikono ubavuni, macho mbele, wima kama askari. Kisha mama, katikati, akafungua mdomo. Wote wakafungua midomo. Thelathini wamesimama kwa nidhamu kamili, meno yote nje, yaliyochongwa na yasiyochongwa na mapengo, hakuna aliyecheka, wote wameonyesha. Nilicheka mpaka nikashindwa kushika kamera, na ile ya kwanza ilitoka imelala upande. Ya pili ndiyo iliyo ukutani kwenye ghala la kundi hadi leo.

Kamera ndogo sikuirudisha. Fundi aliitazama picha ya mama kwa kioo chake cha saa, akaishusha, akanisukumia ile kamera kwenye kaunta kwa vidole viwili.

"Hii sabuni," akasema, "inatakatisha."

Mvua za Novemba zilileta mchanga, na mchanga ukahifadhi maji. Mama aliishi miaka mingi baada ya ukuta ule, na kila mgeni aliyeingia sebuleni alipelekwa kwanza kwenye picha kabla ya kupewa kiti. Alisimama chini yake akafungua mdomo ili walinganishe.

Siku yake ilipofika, picha ile ndiyo iliyotangulia. Kubwa kama sinia, bila mhuri. Kitukuu mmoja, ambaye alikuwa bado hajajua maana ya jeneza, aliinyooshea kidole akasema kwa sauti kanisani, "Susu anacheka," yaani bibi. Watu wakageuka kutazama, na mmoja mmoja, kutoka viti vya mbele mpaka vya nyuma, nyuso zikaanza kufunguka. Jirani, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, ndiye aliyecheka kwanza kwa sauti.

Mama hakufufuka kutuchapa.